Aisha, Asha, Esha: jina moja na tahajia zake nyingi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, makarani wa uandikishaji, wazazi, na ninyi vijana mliokaa nyuma ukumbini: nashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie majina ya watu yanayoandikwa kwa namna nyingi. Mada ni pana, na nikisema niyaguse majina yote tutakesha hapa. Nimechagua moja tu nikae nalo, tulifuate toka linakotoka hadi linapoingia kwenye cheti cha kuzaliwa. Jina hilo ni Aisha.

Walipo Waswahili hawakosekani Aisha, Asha, Esha na Mwanaisha. Ukivuka mipaka utamkuta Ayşe wa Uturuki, Aïcha wa Moroko, Aïssatou wa Senegali, Aishatu wa kaskazini mwa Naijeria, Caasha wa Somalia, Aisyah wa Indonesia, Ayesha wa Pakistani na Iesha wa Marekani. Hao wote ni wasomo. Na wengi wao wamewahi kusimama mbele ya meza fulani wakaambiwa: "Jina lako limekosewa, ngoja tulirekebishe." Mimi nimekuja kuwaambia kwamba halikukosewa. Kila tahajia kati ya hizo ina sababu yake, na sababu hiyo ni njia ambayo jina lilipita hadi kumfikia mtoto.

Tuanze na asili. Jina ni la Kiarabu, limetoka kwenye mzizi uleule uliotupa sisi "ishi" na "maisha". Aisha ni aliye hai, anayeishi. Kwa hiyo mzazi anayempa binti yake jina hili anamwombea umri. Ni dua inayotamkwa kila mtoto anapoitwa aje kula, aje kusoma, aje kulala.

Lakini lililolipa uzito ni mtu. Bi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume Muhammad (S.A.W.), alifariki Madina mwaka 678, na hadithi 2,210 zimepokewa kupitia kwake. Watu wazima, masahaba wenyewe, walikuwa wakimwendea kumuuliza mambo ya dini. Tangu hapo jina likawa na harufu ya elimu. Dameski alikuwapo Aisha al-Ba'uniyya, mshairi wa Kisufi aliyefariki mwaka 1517. Misri alikuwapo Aisha Taymur, aliyezaliwa mwaka 1840, akatunga kwa Kiarabu, Kituruki na Kiajemi. Misri hiyohiyo ikamtoa Aisha Abd al-Rahman, aliyezaliwa mwaka 1913, mwanachuoni wa tafsiri ya Kurani. Huyu alipoanza kuandika magazetini alijificha nyuma ya jina la Bint al-Shati, yaani Binti wa Ufukweni, kwa sababu baba yake hakutaka binti yake aandike hadharani. Namtaja kwa makusudi. Mwanamke mwenye jina lenye sifa ya elimu alilazimika kulificha ili aifanye kazi ya elimu.

Hata hivyo, ladha ya jina haiko sawa kila mahali. Kwa Waislamu wa Kishia jina hili ni nadra, na sababu inarudi kwenye Vita vya Ngamia karibu na Basra mwaka 656, ambako Bi Aisha na Imamu Ali walikuwa pande mbili. Huko Moroko, pamoja na mabinti wengi wanaoitwa Aïcha kwa heshima, kuna Aïcha Kandicha, jini mwanamke ambaye wazee wanamsimulia kwa watoto kuwatia hofu ya mito na mabwawa. Familia moja inasikia jina hili na kumkumbuka mama wa waumini, nyingine inasikia kidonda cha zamani, nyingine inasikia hadithi ya usiku. Mwalimu anayepokea watoto kutoka kwao ni vizuri alijue hilo kabla hajafungua kinywa.

Sasa tuje kwenye maandishi, na hapa naomba tutulie kidogo.

Kwa Kiarabu jina linaandikwa kwa herufi tano: aini, alifu, hamza iliyokalishwa kwenye kiti chake, shini, na te marbuta mwishoni. Mliopita madrasa mnaziona. Aini inatoka katikati ya koo, alifu inaivuta sauti, hamza inaikata pumzi, halafu ndipo shini. Kwa karne nyingi jina liliandikwa hivyohivyo Dameski, Kano, Lamu na Java. Kila mtu alilitamka kwa koo lake, Mhausa kivyake na Mjava kivyake, lakini kalamu ziliandika kitu kimoja. Hakuna karani aliyeweza kumwambia mtu kwamba jina lake limekosewa, kwa sababu tahajia ilikuwa moja.

Mambo yalibadilika zilipoingia herufi za Kilatini. Kilatini hakina aini, hakina hamza, na sauti ya "sh" hakina herufi yake. Kila lugha ikalazimika kukata shauri, na kila moja ikakata kwa namna yake.

Waturuki walibadilisha herufi mwaka 1928, chini ya Mustafa Kemal Atatürk. Sauti ya "sh" wakaipa "s" yenye mkia, na jina likawa Ayşe, fupi na jepesi. Leo ukilisikia Ayşe unasikia Uturuki, husikii Uarabuni kabisa.

Wafaransa wana tabu nyingine. Kwao "ch" ndiyo "sh" yetu, na "ai" zikikaa pamoja wanazisoma "e". Ukiandika Aicha bila alama, Mfaransa atasoma "Esha". Ndiyo maana juu ya "i" wanaweka nukta mbili, Aïcha, kumwambia msomaji azitenganishe hizo irabu. Nukta zile ndizo zinazolinda matamshi. Karani anayeziacha kwa kuona ni mapambo anabadilisha namna mtu anavyoitwa.

Senegali na Gine utamkuta Aïssatou, na kwa Wahausa Aishatu. Hiyo "tu" ya mwisho watu wengi hudhani ni nyongeza ya Kiafrika. Hapana, ni Kiarabu cha msomi. Te marbuta ambayo Mwarabu wa mtaani haitamki tena, anayesoma kwa irabu zote anaitamka: Aishatu. Afrika Magharibi ilipokea jina kutoka kwa walimu waliosoma kitabu kwa sauti, irabu hadi ya mwisho, na Fatimatu ni hivyohivyo. Kwa hiyo tahajia hiyo inayoonekana imeenda mbali na asili imehifadhi kitu ambacho wengine wote tumekidondosha.

Jirani zetu Wasomali walirasimisha herufi za Kilatini mwaka 1972, wakafanya jambo la ujasiri. Hawakukubali kuiacha aini. Walichukua herufi "c", ambayo hawakuwa na kazi nayo, wakaipa sauti ile ya kooni. Ndipo tukapata Caasha. Herufi mbili za "a" ni irabu ndefu, na "c" ya mbele ndiyo aini yenyewe. Kati ya tahajia zote za Kilatini nilizotaja, hii ndiyo inayompa msomaji koo la Kiarabu bila alama yoyote ya ziada.

Na hii ndiyo iliyonitia uchungu zaidi katika kazi yangu. Shule siitaji. Aliletwa binti wa Kisomali, cheti chake kimeandikwa Caasha. Aliyemwandikisha akaitazama ile "c". Katika Kiswahili "c" haitembei bila "h", basi akaamua kwamba ni "k" iliyoandikwa kizungu, na hizo "a" mbili akaona zimezidi. Kwenye daftari la mahudhurio mtoto akawa Kasha. Mnajua kasha ni nini. Muhula mzima wenzake walimuuliza kama ana kufuli. Hakuwa akiitika mahudhurio yakiitwa, na kwenye ripoti akaandikiwa mtoro. Mama yake alipokuja na kulitamka jina taratibu, "Asha", ofisi nzima ikashangaa kwamba ni jina ambalo kila mmoja wetu analo kwenye ukoo wake.

Mwaka huohuo wa 1972, huko Indonesia, walibadilisha tahajia ya lugha yao. Zamani waliandika "sj" kwa kufuata Waholanzi, wakahamia "sy". Aisjah akawa Aisyah. Jumuiya ya wanawake iliyoanzishwa Yogyakarta mwaka 1917 kwa jina linalotokana na Bi Aisha nayo sasa inaandikwa 'Aisyiyah. Kuna wazee waliobaki na "sj" kwenye majina yao hadi mwisho, na hakuna aliyewanyang'anya.

Ila wako walionyang'anywa. Bulgaria ilikuwa na raia wengi wa asili ya Kituruki na Waislamu wengine. Katika majira ya baridi ya 1984 na 1985, serikali ya Todor Zhivkov iliwalazimisha watu wapatao laki nane kuacha majina yao na kuchukua ya Kibulgaria. Askari walizingira vijiji, watu wakapangwa foleni, wakapewa orodha wachague. Aliyelala akiitwa Aishe aliamka na hati yenye jina la mtu asiyemjua. Mwaka 1989 zaidi ya watu laki tatu walihamia Uturuki. Mwaka 1990 sheria ikaruhusu majina yarudi, na watu wakapanga foleni tena kuyadai. Ndugu zangu, natofautisha kabisa karani aliyechoka na serikali katili. Lakini natamani tuone kwamba kalamu ni ileile, na anayeshika kalamu hiyo anashika kitu cha mtu mwingine.

Marekani ni hadithi ya namna nyingine, na mimi naipenda. Miaka ya 1960 na 1970, Wamarekani weusi wengi waliyatafuta majina ambayo hawakupewa na mabwana wa watumwa. Wakayachukua ya Kiarabu, wakayachukua ya Kiswahili pia. Aisha akapendwa sana. Mwaka 1975 Stevie Wonder alimwita binti yake hivyo. Kisha watu wakaanza kuliandika kwa masikio yao. Kwa Kiingereza herufi "I" yenyewe inaitwa "ai". Mama anayeandika Iesha anaandika anachokisikia, kwa kanuni za herufi alizofundishwa shuleni. Tahajia hizo mara nyingi hudharauliwa, zikaitwa za watu wasiosoma. Ukizichunguza zina mantiki kamili.

Dharau hiyo ina gharama. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wao wa Boston na Chicago. Walituma maombi ya kazi karibu 5,000, sifa zinalingana, majina yakitofautiana: mengine yanasikika ya wazungu, mengine ya weusi. Maombi yenye majina ya kizungu yalipata mwito zaidi kwa asilimia 50 hivi. Katika orodha ya majina yaliyosikika ya weusi, Aisha alikuwamo. Jina lililobeba dua ya maisha marefu na sifa ya elimu likawa sababu ya simu kutolia. Wazazi waliendelea kulitoa, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Sasa turudi kwetu. Asha na Esha wengi wetu tunaambiwa ni ufupisho, au ni matamshi ya watu wa pwani wasiojua Kiarabu. Hayo si kweli, na mwalimu wa Kiswahili ndiye wa kwanza anayepaswa kuyakataa. Tazama lugha inavyofanya kazi. "Ma" ikikutana na "ino" tunapata "meno". "Wa" na "ingi" tunapata "wengi". Irabu "a" ikigongana na "i" katika Kiswahili huungana kuwa "e". Basi "Aisha" ikaingia kwenye kanuni hiyohiyo ikatoka "Esha". Jina limekubali sheria za nyumba lilimopokelewa. Kwenye Asha lugha ilichagua njia nyingine, ikaibakisha "a" na kuiacha "i". Na ile aini ya mbele iliondoka kama ilivyoondoka kwenye "elimu", "akili" na "arusi", ambayo yote kwa Kiarabu yanaanza na aini. Hakuna anayetuambia tumekosea kuandika "akili".

Halafu kuna Mwanaisha, jina ambalo sijui lugha nyingine yenye kitu kama hicho. "Mwana" ni heshima ya kike ya zamani ya Waswahili, ileile aliyokuwa nayo Mwana Kupona. Imewekwa mbele ya Aisha ikashikamana nayo hadi zikawa jina moja. Yeyote anayemwambia Mwanaisha ajiandikishe "Aisha" kwa sababu "Mwana si jina" anamvua msichana huyo joho alilovalishwa na bibi zake.

Tahajia zetu hizi za Kilatini nazo zina umri wake. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Mkutano wa Dar es Salaam wa 1925 ulianza safari ya kusanifisha, ule wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Kamati ilisanifisha maneno. Majina ya watu iliwaachia wenyewe, na nadhani ilifanya vizuri. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na bibi Esha, mama Asha na mjukuu Aisha, na kila mmoja yuko sahihi.

Tena kuna Asha asiyehusiana na huyu wetu. Kule India, Asha ni jina la Kisanskriti lenye maana ya matumaini; ndilo jina la mwimbaji Asha Bhosle. Tahajia ni ileile, chimbuko ni mbali kabisa. Ukimkuta Asha wa Kihindu darasani, usimfundishe habari za jina lake kabla hujamuuliza.

Makarani, sasa naongea na ninyi moja kwa moja. Najua mnabanwa. Pasipoti ya siku hizi ina mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, kila mmoja nafasi 44, na kwa majina mashine inakubali A hadi Z bila mkia wala nukta. Ayşe huko chini anakuwa AYSE, Aïcha anakuwa AICHA, ilhali juu ya ukurasa huohuo jina linaweza kuwa na alama zake zote. Mtu mmoja, hati moja, tahajia mbili, na zote halali. Kwa hiyo mkiona hitilafu ya namna hiyo, msimtuhumu mtu kughushi.

Na mkiandikisha mtoto, fanyeni jambo moja. Mwombeni mzazi alitaje jina herufi kwa herufi, liandikeni, kisha msomeeni tena herufi kwa herufi kabla ya muhuri. Ni suala la nusu dakika. Ikiwa hati mbili za mtu mzima zinapingana, Asha huku na Aisha kule, njia ni kiapo mbele ya mwenye mamlaka, yeye mwenyewe akisema lipi ni lake. Msichague ninyi kwa niaba yake, hata kama mnajua Kiarabu. Hasa kama mnajua Kiarabu, maana huyo ndiye mwepesi zaidi wa kusahihisha.

Wazazi vijana, nimeona tahajia mpya zinaingia: Aysha, Eysha, Aeysha. Sizipingi. Mimi mwenyewe ningechagua Esha, kwa sababu naipenda inavyokaa kwenye ulimi wetu, lakini hilo ni pendo langu. Ninachowaomba ni mkubaliane nyumbani, baba na mama, kabla ya kwenda kuandikisha. Msiende kila mmoja na lake, kadi ya kliniki ikasema Aysha, cheti kikasema Aisha, na shule ikaandika Asha. Mtoto atakayeitwa Aeysha atalitaja jina lake herufi kwa herufi kila dirisha atakalofika, maisha yake yote. Kama mmelifikiria hilo na bado mnalipenda, mpeni, na mumfundishe kwa nini mlimpa, ili akiulizwa awe na la kusema.

Walimu wenzangu, mahudhurio ya kwanza ya muhula yasomwe polepole. Mkifika kwenye jina msilolijua, semeni, "Jina hili linatamkwaje?" na mtoto alitamke mbele ya wenzake, ninyi mfuatishe. Mtaona anavyonyooka akisikia mwalimu amelipatia.

Nimalizie hapo, Ndugu Mwenyekiti. Naomba maswali yaanzie kwa watu wa uandikishaji, maana kazi yenyewe iko mikononi mwao, na najua wana visa vingi kuliko vyangu.